HOMA NA UGUNDUZI WA UTEUZI ASILIA: Vitabu vya Historia Vinasema Nini, na Vinanyamaza Wapi

Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma sekondari huko Makere au Kasulu mjini hukutana na nadharia ya uteuzi asilia katika kitabu cha Kiingereza. Jirani yake Mkongo au Mrundi, aliyekulia ndani ya kambi ya Nyarugusu, kwa miaka mingi amefundishwa kwa mtaala wa nchi aliyotoka, na kwa hiyo nadharia hiyo hiyo ameisoma kwa Kifaransa. Wawili hawa wakikutana sokoni huelewana vizuri kwa Kiswahili. Lakini ukiwauliza uteuzi asilia ni kitu gani na uligunduliwaje, kila mmoja atakukariria jibu la mtihani kwa lugha ya kigeni, na jibu lenyewe litakuwa moja: aliyegundua ni Charles Darwin, Mwingereza, mwaka 1859.

Jibu hilo si la uongo, ila lina upungufu mkubwa. Ni jibu la watu wanaoamini kwamba maarifa hutoka katika vichwa vya mabwana wachache waliokaa katika maktaba zao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugunduzi huu ulikuwa kazi ya watu wengi, wengine wao wasio na majina vitabuni. Kwamba homa, na hasa malaria, imo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Na kwamba ushahidi wa kwanza ulio wazi wa uteuzi asilia kwa binadamu ulitoka katika damu ya wananchi wa Afrika Mashariki. Kwa kada anayefanya kazi Kasulu au Kibondo hili si jambo la anasa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya takriban asilimia 24 ya watoto wa Mkoa wa Kigoma wenye umri chini ya miaka 5, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Anayeishi na ugonjwa huo mlangoni anahitaji kujua kanuni inayouongoza.

NADHARIA YENYEWE

Kabla ya kubishana nani aligundua, sharti tukubaliane kilichogunduliwa ni nini. Mkulima wa Buha anapoanua maharage hatengi mbegu kwa kubahatisha. Hutazama mashina yaliyozaa sana na yasiyoshambuliwa na wadudu, na mbegu za mashina hayo ndizo anazoziweka kwa msimu ujao. Akifanya hivyo miaka mingi, maharage yake yatakuwa tofauti na yale aliyorithi kwa baba yake. Huo ni uteuzi unaofanywa na binadamu, na watu wetu wameufanya tangu walipoanza kulima.

Sasa tuchukue shamba la mihogo lililoachwa, likapigwa na batobato. Hakuna mtu anayechagua. Hata hivyo aina zinazokufa zinatoweka, na zile chache zinazostahimili ugonjwa zinabaki na kuendelea kuzaliana. Baada ya muda shamba zima litakuwa la mihogo inayostahimili. Kinachotakiwa hapa ni mambo machache tu: viumbe vya aina moja vitofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na hali ya mahali ifanye wenye tofauti fulani waache watoto wengi kuliko wenzao. Hayo yakiwapo, mabadiliko hayana budi kutokea, yawe ya mihogo, ya samaki, ya binadamu au ya vimelea.

Yafaa tuzingatie neno "hali ya mahali". Uteuzi asilia haumwambii mtu nani ni bora. Unasema tu nani, katika mazingira haya na wakati huu, ameacha uzao mwingi zaidi. Mazingira yakibadilika, aliyekuwa na faida anaweza kupata hasara. Wengi waliojiita wafuasi wa Darwin walilisahau jambo hili, au walijifanya kulisahau kwa sababu liliwaharibia biashara.

NANI ALIGUNDUA?

Vitabu vya historia ya ugunduzi huu ni vingi, na kila kizazi kimeandika vya kwake. Mwaka 1958, ilipotimia karne moja tangu nadharia kutangazwa, Mmarekani Loren Eiseley alitoa kitabu alichokiita karne ya Darwin, akawafufua watangulizi wengi waliokuwa wamesahauliwa. Mwaka 1980 mwandishi wa habari Arnold Brackman alijaribu kuthibitisha kwamba Darwin alimdhulumu mwenzake Alfred Russel Wallace. Mwaka 1991 Adrian Desmond na James Moore walimweka Darwin katikati ya migogoro ya kitabaka ya Uingereza ya viwanda. Janet Browne naye aliandika maisha ya Darwin katika majuzuu mawili, la 1995 na la 2002, akaonyesha jinsi Darwin alivyokusanya maarifa kwa barua kutoka kwa watu wa kila namna, wakiwamo wafugaji wa njiwa na watunza bustani. Kwa maoni yangu kazi ya Browne ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi, maana humwona bwana mkubwa huyu akiwa ni karani wa kazi ya wengine, bila kumnyang'anya sifa yake mwenyewe.

Wako pia wanaorudi nyuma zaidi, mpaka kwa al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, mtu ambaye kwa mujibu wa habari za zamani alikuwa na asili ya Kiafrika, na aliyeandika risala ya kuwatetea watu weusi, wakiwamo Wazanji. Kitabu chake kikubwa cha wanyama kinaeleza vizuri jinsi viumbe vinavyowindana na kulana. Kumsifu kwa hilo ni haki yake. Kusema kwamba alikwisha kugundua uteuzi asilia ni kupita kiasi, kwa kuwa kueleza kwamba simba humla swala si sawa na kueleza jinsi aina moja ya viumbe inavyobadilika kizazi kwa kizazi.

Mtangulizi anayetuhusu zaidi ni daktari mmoja, William Charles Wells, mzaliwa wa Carolina ya Kusini aliyefanya kazi London. Mwaka 1813 alisoma mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London maelezo juu ya mwanamke mweupe ambaye sehemu ya ngozi yake ilikuwa nyeusi; maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1818, baada ya kifo chake. Mwishoni alitoa dhana: kwamba katika wakazi wa mwanzo wa Afrika ya kati walitokea watu waliostahimili magonjwa ya nchi hiyo kuliko wenzao, kwamba hao waliongezeka huku wengine wakipungua, na kwamba kwa njia hiyo ulipatikana umma mzima unaoyaweza magonjwa yale. Alikosea alipodhani kwamba ustahimilivu huo uliandamana na weusi wa ngozi. Lakini hoja yenyewe, kwamba ugonjwa huchuja watu na waliobaki hurithisha ustahimilivu wao, ndiyo uteuzi asilia. Kwa hiyo basi maelezo yaliyo miongoni mwa ya awali kabisa ya nadharia hii katika lugha za Ulaya yanahusu homa na Afrika, miaka 41 kabla ya kitabu cha Darwin. Hakuna aliyeyajali. Mwaka 1831 Patrick Matthew, Mskoti mwenye bustani za matunda, aliandika hoja kama hiyo katika kiambatisho cha kitabu juu ya mbao za kuundia meli za kivita. Naye hakujaliwa. Darwin aliwatambua wote wawili baadaye, katika matoleo mapya ya kitabu chake, Matthew mwaka 1861 na Wells mwaka 1866.

Sasa tuje kwa Darwin na Wallace wenyewe, kwa kuwa hapa tofauti ya tabaka inaonekana waziwazi. Darwin alikuwa mtoto wa daktari tajiri, na mama yake alitoka katika ukoo wa Wedgwood, wenye viwanda vya vyombo vya udongo. Hakuwahi kutafuta kazi ya mshahara. Baada ya safari ya miaka mitano katika meli ya Beagle, kuanzia 1831 hadi 1836, alikaa nyumbani akiwaza. Mwezi Septemba 1838 alisoma insha ya Thomas Malthus juu ya ongezeko la watu, akaipata nadharia yake, kisha akaiweka ndani kwa miaka 20. Wallace aliacha shule akiwa kijana wa miaka 14 hivi, akafanya kazi ya kupima ardhi, kisha akaishi kwa kukusanya ndege na wadudu na kuwauzia wenye makumbusho. Mwaka 1852, akitoka Amazoni, meli yake iliungua moto na sehemu kubwa ya mali yake ikateketea. Akaanza upya huko visiwa vya Malay.

Huko ndiko homa ilikoingia tena. Mwezi Februari 1858, akiwa katika visiwa vya Maluku, Wallace alishikwa na homa ya vipindi, ile ya kutetemeka na kutoka jasho kwa zamu ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua. Kama alivyosimulia baadaye, alikuwa amelala amejifunika mablanketi, akakumbuka hoja ya Malthus, akajiuliza kwa nini wengine hufa na wengine huishi. Kabla kipindi cha homa hakijaisha alikuwa na jibu. Aliandika kwa jioni mbili, akampelekea Darwin. Barua ilipofika mwezi Juni, rafiki zake Darwin wenye vyeo katika sayansi walipanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Jumuiya ya Linnaeus tarehe 1 Julai 1858. Wallace hakuulizwa, alikuwa mbali sana. Darwin naye hakuhudhuria, kwani siku tatu kabla yake mtoto wake mchanga alikuwa amekufa kwa homa ya vipele vyekundu. Kitabu cha Asili ya Spishi kilitoka Novemba 1859, nakala 1,250, zikagombewa na wauza vitabu siku ile ile.

Je, Darwin aliiba? Brackman alisema hivyo, lakini maandishi ya Darwin ya mwaka 1842 na 1844 yanaonyesha kwamba nadharia ilikuwa yake kabla Wallace hajaanza safari yoyote. Kilichotokea ni kitu cha kawaida zaidi kuliko wizi: mwenye marafiki katika vyeo alipewa nafasi ya kwanza. Wallace mwenyewe hakulalamika. Alitumia sehemu kubwa ya uzee wake kupigania ardhi ya Uingereza itolewe mikononi mwa makabaila iwe mali ya taifa. Aliongoza chama cha madai hayo tangu mwaka 1881 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1882. Msomaji wa Kitanzania, ambaye ardhi yake kisheria ni mali ya umma, angepaswa kumjua Wallace kwa hilo pia.

Na nyuma ya mabwana hawa wawili wako wengine. Katika mji wa Edinburgh, mwaka 1826, aliyemfundisha Darwin kuchuna na kuhifadhi ndege alikuwa John Edmonstone, Mwafrika aliyetoka utumwani Guyana. Bila ufundi huo ndege wa Galapagos wasingefika London wakiwa salama. Katika visiwa vya Malay, aliyepika, aliyeendesha mashua, aliyewinda na kuchuna sehemu kubwa ya ndege wa Wallace, na aliyekuwa naye katika miaka ile ya homa, alikuwa kijana wa Sarawak aitwaye Ali. Wallace alirudi na vielelezo zaidi ya 125,000. Hakuna mtu mmoja awezaye kukusanya mzigo huo.

NADHARIA MIKONONI MWA MABEBERU, NA MIKONONI MWA CHAMA

Karl Marx aliisoma Asili ya Spishi mapema, akaifurahia kwa kuwa ilifukuza maelezo ya miujiza katika historia ya viumbe. Lakini mwaka 1862 alimwandikia Engels kwa kejeli kwamba Darwin amewakuta wanyama na mimea wakiishi kama jamii ya Kiingereza, kwa kushindana na kugawana kazi na kutafuta masoko. Kejeli hiyo ina ukweli: Malthus alikuwa mtetezi wa matajiri dhidi ya maskini, na wazo lake lilipita mikononi mwa Darwin na Wallace wote wawili. Hapa yafaa pia tusahihishe hadithi moja iliyoenea sana katika vyuo vya siasa, kwamba Marx alitaka kumtunukia Darwin kitabu chake cha Mtaji na Darwin akakataa. Watafiti walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba barua ya Darwin ya mwaka 1880 iliyotajwa kuwa ushahidi iliandikwa kwa Edward Aveling, juu ya kitabu kingine kabisa. Lililo kweli ni kwamba Marx alimpelekea Darwin nakala mwaka 1873, na kurasa zake nyingi zilibaki hazijakatwa.

Mabeberu hawakuhitaji Marx awaambie nadharia hii inaweza kufanya kazi gani. Walilichukua neno "mapambano ya kuishi", wakaliondoa katika mazingira yake, wakalifanya hati ya kutawala. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambamo Kasulu na Kibondo zilikuwamo, mafuvu ya watu yalikusanywa na kupelekwa Berlin kupimwa. Zaidi ya 1,000 yalikuwa bado yamehifadhiwa huko katika karne hii. Nairobi, mwaka 1933, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa kabila za watu". H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba akili ya Mwafrika haikui kama ya Mzungu, na F. W. Vint wa maabara ya serikali alipima ubongo wa Waafrika waliokufa ili kumuunga mkono. Shabaha yao ilikuwa elimu: kama ubongo ni mdogo, mbona tuwajengee shule? Historia ya mambo hayo imeandikwa na Chloe Campbell katika kitabu cha mwaka 2007. Tazama unyofu wa hila hiyo. Wazo la uteuzi asilia linataka uchunguze mazingira kwanza. Wao waliyafumbia macho mazingira ya njaa, kodi na kazi za shokoa, wakapima fuvu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba uovu huu ni wa upande mmoja. La hasha. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na mmoja wa wataalamu wakubwa wa mbegu duniani, Nikolai Vavilov, aliyefika hata Ethiopia mwaka 1927 kukusanya ngano na shayiri. Trofim Lysenko alidai kwamba mmea hubadilishwa kwa kufunzwa, na kwamba elimu ya jeni ni mawazo ya kibwanyenye. Dola ilimsikiliza Lysenko kwa kuwa aliahidi mavuno ya haraka. Vavilov alikamatwa mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943, na mwezi Agosti 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku rasmi katika nchi hiyo. Ngano haikusoma azimio. Chama kinaweza kuamua nani apewe ardhi, shule na dawa; hakina uwezo wa kuamua jeni ifanye nini, na kada anayedhani kinao ataleta njaa.

Huko Uingereza mwanasayansi J. B. S. Haldane, aliyekuwa mwanachama mashuhuri wa chama cha kikomunisti, alijikuta katikati ya mgogoro huo, na mwaka 1950 alikwisha kujitenga na chama. Tunamtaja kwa sababu ni yeye aliyetoa, mwaka 1949, dhana iliyoirudisha hoja ya Wells. Alihisi kwamba ugonjwa fulani wa damu, ulioenea kandokando ya bahari ya Mediterania, haukutoweka kwa sababu waliorithi nusu yake hawafi upesi kwa malaria. Hakuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuwa Afrika Mashariki.

SURA ILIYOANDIKWA KWA DAMU YETU

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, husababishwa na jeni moja iliyobadilika. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu, huziba mishipa, humletea maumivu makali na upungufu wa damu. Pasipo matibabu wengi wa watoto hao hufa kabla ya kufikisha miaka 5. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, huishi kama watu wengine. Wazazi wawili wenye nusu hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Hapa ndipo palipokuwa na fumbo. Jeni inayoua watoto kizazi baada ya kizazi ingepaswa kupungua mpaka iishe. Lakini Hermann Lehmann na Alan Raper, waliopima damu za watu wa Uganda, walionyesha mwaka 1949 kwamba hali hiyo ni ya kawaida sana kwa baadhi ya makabila na ni adimu kwa mengine. Mwaka 1946 daktari E. A. Beet wa Balovale, katika Zambia ya leo, alikuwa amekwisha kuona kwamba wagonjwa wenye chembe za mundu hawakuwa na vimelea vingi vya malaria kama wenzao. Kisha Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekulia Gilgil, Kenya, akiwa mwanafunzi wa Oxford katika msafara wa mwaka 1949, aliona mpangilio: jeni ni nyingi pwani na kando ya ziwa Viktoria, ni chache katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya jeni ilikuwa ni ramani ya mbu.

Allison alirudi mwaka 1953. Katika watoto 290 wa Kiganda, 43 walikuwa na nusu ya selimundu, na kati yao 12 tu walikuwa na vimelea, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa na vimelea, asilimia 46. Halafu alichukua wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye hali hiyo na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Kati ya wasio nayo waliopata vimelea ni 14. Kati ya wenye nayo, 2. Akapima pia maelfu ya watu wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akachapisha matokeo mwaka 1954. Utafiti uliofanywa Kilifi na kutolewa mwaka 2005 ulithibitisha kwamba nusu ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Hapo fumbo lilifumbuliwa. Penye malaria, mwenye jeni moja anaishi. Asiye nayo anakufa kwa homa. Mwenye mbili anakufa kwa damu yake mwenyewe. Jeni haitoweki wala haienei kwa wote. Na pasipo na malaria, jeni ile ile ni hasara tupu. Nani basi ni "bora"? Swali la Gordon na Vint halina maana tena. Ushahidi uliolifuta ulitoka kwa watu wale wale waliotukanwa Nairobi miaka 20 kabla.

Lakini tazama vitabu vinavyosimulia sura hii. Allison ana jina. Wanaume wa Kijaluo wana idadi: 30. Husemwa kwamba walijitolea. Hatuna budi kuuliza kujitolea kulikuwa na maana gani kwa mwananchi wa koloni mwaka 1953, Kenya ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, mbele ya Mzungu mwenye sindano. Sisemi kwamba Allison alikuwa mtu mbaya, na aliwatibu. Nasema kwamba Ali wa Sarawak alipata walau jina lake katika kitabu cha bwana wake, na hawa hawakupata hata hilo.

Gharama ya sura hii bado inalipwa. Hukadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye idadi kubwa zaidi duniani. Katika sehemu nyingi mama wa mtoto kama huyo husingiziwa uchawi au laana ya ukoo, ilhali jeni imetoka kwa wazazi wote wawili kwa sehemu sawa, na imo humo kwa sababu mababu wa pande zote mbili waliokolewa nayo.

KIMELEA NACHO KINATEULIWA

Kosa la vitabu vingi ni kuandika kana kwamba ugunduzi ulikwisha. Wakati Allison akipima damu, Tanganyika ilikuwa ikishuhudia uteuzi asilia kwa upande wa adui. Katika kijiji cha Mkuzi, Muheza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari David Clyde aliwapa wanakijiji dawa ya pirimethamini kuwakinga na malaria. Dawa ilifanya kazi vizuri mno. Haukupita muda mrefu vimelea sugu vilitokea, vikaenea. Dawa haikuvifundisha vimelea kuwa sugu, kama Lysenko angelivyosema. Iliviua vingine vyote, ikaviachia uwanja vichache vilivyokuwa tayari tofauti.

Klorokwini ilifuata njia hiyo hiyo. Usugu ulianzia Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, ukaonekana Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha klorokwini na kutumia SP. Miaka mitano tu ilitosha: mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Malawi inatupa somo la upande wa pili. Ilikwisha kuiacha klorokwini mwaka 1993, na zaidi ya miaka 10 baadaye watafiti wakakuta vimelea vya huko vinauawa tena na klorokwini. Dawa ilipoondoka, usugu haukuwa faida tena.

Sasa zamu ni ya dawa mseto. Rwanda ilitangaziwa mwaka 2020 kuwa na vimelea vyenye badiliko la jeni linalopunguza nguvu ya artemisinini, na jaribio la mwaka 2022 huko Karagwe, Mkoa wa Kagera, lilithibitisha hali kama hiyo ndani ya mipaka yetu. Kutoka Karagwe hadi Kibondo ni mwendo wa siku moja kwa gari, na vimelea husafiri ndani ya watu.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea ndugu zetu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, na mwaka 2015 ikapokea wimbi la Warundi, hadi watu wakapindukia 100,000 katika eneo lililokusudiwa wachache zaidi. Mahali kama hapo, ambapo homa ya nchi tatu hukutana katika zahanati moja, dozi ya ALu ina hesabu yake: mara 6 katika siku 3. Mtoto wa kwanza akipata nafuu siku ya pili na wa pili akaanza kutetemeka, mama asiye na dawa nyingine nyumbani huugawa mkebe. Si ujinga wake. Ni hesabu ya umaskini, na kada anayemkemea bila kuuliza kwa nini zahanati iliishiwa dawa anamkemea mtu asiyestahili. Lakini vimelea vilivyosalia katika damu ya mtoto wa kwanza jioni ile ni vile vilivyoistahimili dawa kuliko vyote, na mbu atakayemwuma usiku atabeba hivyo.